Je, The Clash Ndiyo Bendi Kubwa Kuliko Zote za Panki?

MWENYEKITI: Hoja iliyo mezani inasema kwamba The Clash, bendi iliyoundwa London mwaka 1976 na kuvunjika mwaka 1986, ndiyo bendi kubwa kuliko zote katika historia ya panki. Ubishi huu hauna kombe, lakini una uzito. Panki ilizaliwa kwa kuwakataa mabingwa. Vijana walichoshwa na wapiga gitaa waliokaa kwenye solo moja dakika kumi, na bendi za roki zilizoishi mbali kabisa na mashabiki wao. Kwa hiyo anayeitaja bendi moja kuwa kubwa kuliko zote ana deni la kueleza ukubwa ni kitu gani kwa watu walioupinga ukubwa. Nawaomba wasemaji walilipe deni hilo. Mtetezi wa hoja aanze.

MTETEZI: Asante, mwenyekiti. Naanza na pesa, kwa sababu kuwaimbia wanyonge ni rahisi, ila msimamo wa bendi huonekana siku ya kupanga bei. Mwaka 1979 The Clash walitaka London Calling iwe albamu ya santuri mbili iuzwe kwa bei ya santuri moja. Kampuni yao, CBS, ikakataa. Basi wakaomba waruhusiwe angalau kutia ndani ya jalada santuri ya nyongeza, ya bure, kama zile za wimbo mmoja au miwili. CBS ikaona hapo hakuna hasara, ikakubali. Bendi ilipotoka studio za Wessex, kaskazini mwa London, ile nyongeza ilikuwa na nyimbo 9. Desemba 14, 1979, albamu ya nyimbo 19 ikaingia madukani kwa pauni 5 hivi. Mwaka uliofuata wakatoa Sandinista!, santuri tatu, nyimbo 36, na ili bei isipande wakakubali kuusamehe mrabaha wa nakala 200,000 za mwanzo zitakazouzwa Uingereza. Hiyo ni pesa yao wenyewe. Nionyesheni bendi nyingine iliyofungwa na mkataba wa kampuni kubwa ikafanya hivyo.

MPINZANI: Kaka, kwa kuwa umeanza na pesa, tubaki hapo hapo. Januari 1977 CBS iliwapa The Clash mkataba wa pauni 100,000, na wakati huo bendi haijatimiza mwaka jukwaani. Mark Perry, mhariri wa Sniffin' Glue, kijarida cha mashabiki wenyewe, alitangaza kwamba panki imekufa siku ile waliyotia saini. Hakuwa adui yao, alikuwa mtu wa ndani. Huwezi kula fungu la tajiri asubuhi, jioni ukataka kusifiwa kwa kumpunguzia mnyonge bei. Sasa nikuoneshe upande wangu. Ramones wa New York walirekodi albamu yao ya kwanza mapema mwaka 1976 kwa kiasi cha dola 6,400. Nyimbo 14, dakika 29, kwisha. Hawakuhubiri habari za bei nafuu. Waliishi hivyo.

MTETEZI: Dada yangu, mkataba ule mimi sioni aibu kuutaja, kwa sababu walichofanya baada ya kusaini ndicho kinachonipa hoja. CBS ilitoa wimbo wao mmoja, "Remote Control", kama singo bila kuwauliza. Kabla mwaka 1977 haujaisha The Clash wakatoa "Complete Control", wimbo unaoisema kampuni hiyo hiyo kwa jinsi inavyowaendesha wasanii, na CBS ndiyo iliyoufyatua na kuusambaza. Wakaitumia mashine ya tajiri kumsema tajiri. Perry alitaka panki ibaki vijaridani na katika kumbi ndogo, safi, isiguswe na mtu. Ningemwelewa kama lengo lingekuwa usafi. Kijana wa mji wa migodi kule kaskazini mwa Uingereza, asiye na nauli ya kwenda London, angeisikia vipi bendi isiyofika duka la mtaani kwake?

MPINZANI: Duka si kipimo. Tuzungumze muziki, maana hapo ndipo hoja yako inapopwaya. Panki ina umbo, na umbo hilo lina wenyewe. Walilitoa vijana wanne wa Forest Hills, mtaa wa Queens, mwaka 1974. Msikilize Johnny Ramone. Mkono wake wa kulia unashuka tu kwenye nyuzi, chini, chini, chini, haupandi kurudisha pigo. Hakuna solo. Dee Dee, mpiga besi, anahesabu mpaka nne, na bendi nzima inaingia kwa mkupuo. Katika albamu ile ya kwanza besi wameiweka sikio moja na gitaa sikio la pili, kiasi kwamba mtoto wa shule akizima upande mmoja anaweza kujifunza kupiga na upande wa pili. Ile ni albamu na ni darasa pia. Ujumbe wake ni kwamba usingoje ruhusa ya fundi, nawe unaweza.

Tena kuna tarehe isiyofutika. Julai 4, 1976, The Clash walipanda jukwaani kwa mara ya kwanza, mjini Sheffield, wakiwafungulia Sex Pistols. Usiku huo huo Ramones walikuwa Roundhouse, London, wakiwaonesha Waingereza jinsi kazi inavyofanywa. Kesho yake walipiga ukumbi wa Dingwalls, na vijana wa bendi changa za London, The Clash wakiwemo, walikwenda kuwaona. Mwanafunzi anaweza kuwa hodari, ila mwalimu asisahauliwe.

MTETEZI: Simsahau. Ramones walitangulia na bila wao sijui panki ingesikikaje. Lakini aliyetangulia na aliye mkubwa wanaweza kuwa watu wawili tofauti. Ramones walitoa albamu 14 za studio katika miaka ishirini, na umbo ulilolisifu ndilo lililowafunga. Wakijaribu kutoka nje yake walionekana wamepotea, wakirudi wanaonekana wanajirudia. The Clash nao walianza bila ufundi. Paul Simonon aliandika majina ya noti kwenye shingo ya gitaa lake la besi kwa kuwa hakuzijua. Miaka mitatu baadaye mtu huyo huyo alitunga na kuimba "The Guns of Brixton" kwa mdundo wa rege, wimbo wa mtaa uliokosa subira na polisi, na Aprili 1981 Brixton, mtaa wa kusini mwa London, ukalipuka kweli kwa ghasia. Kama panki inasema nawe unaweza, huyu ndiye aliyeitikia mpaka mwisho. Alianza hawezi, akaweza, akaendelea kujifunza.

Na kama mnataka kuona walivyokuwa tofauti tangu mwanzo, chukueni "Police and Thieves" katika albamu yao ya kwanza ya mwaka 1977. Wimbo ni wa Junior Murvin wa Jamaika, mtayarishaji Lee "Scratch" Perry, ulitoka mwaka 1976. Murvin anauimba kwa sauti nyembamba ya juu, inaelea. Bendi ya panki ya kawaida ingeukimbiza umalizike kwa dakika mbili. The Clash hawakuukimbiza. Mick Jones, mpiga gitaa wao, alipanga gitaa moja lipige juu ya pigo na la pili lipige katikati ya mapigo, na pale magitaa mawili yanapopishana ndipo wimbo unapopumua. Ukaenda dakika sita. Katika albamu ambayo nyimbo nyingi hazifiki tatu, hao walisimama, wakasikiliza muziki wa majirani zao, na wakauheshimu.

KIJANA: Samahani, kaka, hapo kwenye majirani naomba niingie. Mimi siko kwa The Clash wala kwa Ramones. Nasikia mnagombania urithi kana kwamba wenye mali hawapo. Rege ni ya Wajamaika. Vijana wanne weupe wakiipiga wanaitwa wabunifu. Aliyeitunga anaitwa chanzo. Na hata panki yenyewe, mna hakika ilianzia Queens? Detroit kulikuwa na ndugu watatu weusi, David, Bobby na Dannis Hackney. Bendi yao iliitwa Death. Mwaka 1975 walirekodi muziki wa kasi na hasira kabla ya albamu ya Ramones kutoka. Wakaambiwa wabadilishe jina kama wanataka mkataba. David akakataa. Rekodi zile zikakaa mpaka mwaka 2009 ndipo zikatoka kama albamu, na David alishafariki mwaka 2000. Historia ya mabingwa huandikwa na waliofika dukani, kama ulivyosema mwenyewe.

Halafu kuna Bad Brains wa Washington. Watu weusi wanne walioanzia kwenye jazi, wakaingia panki, jina lao wakalitwaa kwenye wimbo wa Ramones. Walipiga kwa kasi ambayo si Ramones wala The Clash waliifikia, kisha wakatulia na kupiga rege kama waumini, kwa kuwa ilikuwa imani yao. "Pay to Cum" ya mwaka 1980 ni dakika moja na nusu hivi, na haina noti iliyokosewa. Mambo mawili ambayo The Clash walikuwa wakiyatafuta, hao walikuwa nayo yote damuni.

MTETEZI: Mdogo wangu, kuhusu Death huna wa kukujibu. Walidhulumiwa, na heshima yao imechelewa miaka zaidi ya thelathini. Lakini neno "majirani" sikulitumia kwa mapambo. Mick Jones alilelewa kusini mwa London, na Simonon alikulia mitaa ya kusini na magharibi mwa London ambako rege ilitoka madirishani. Mwanzoni mwa mwaka 1977, katika ukumbi wa Roxy, aliyeweka santuri kati ya bendi na bendi alikuwa Don Letts, kijana wa London mwenye wazazi wa Jamaika. Santuri za panki zilikuwa bado chache, basi akawapigia rege, na hadhira ikaipenda. Bob Marley, aliyekuwa akiishi London mwaka huo baada ya kushambuliwa kwa risasi nyumbani kwake Kingston, alitoa "Punky Reggae Party" na kuitaja The Clash ndani yake. Lee Perry mwenyewe, aliyeutayarisha wimbo wa Murvin, alikuja kutayarisha "Complete Control". Mwenye mali alijua ni nani ameingia kwake, akakaa naye kazini.

Nao hawakujidanganya kuhusu nafasi yao. Mwaka 1978 ulitoka "(White Man) In Hammersmith Palais", ambao Joe Strummer, mwimbaji wao, aliuandika baada ya kwenda kwenye onyesho la rege la usiku kucha. Alikwenda akitarajia uasi, akakuta burudani, na akajiona mgeni mwenye ndoto zake mwenyewe kuhusu watu weusi. Alikiri hilo ndani ya wimbo. Wimbo wenyewe umejengwa kwa rege na roki, na ndio bora kuliko zote walizoandika.

Kuhusu Bad Brains, kumbuka mwaka 1981 pale Bond's, New York. Maonyesho ya The Clash yalipangwa manane. Tiketi zikauzwa kupita uwezo wa ukumbi, idara ya zimamoto ikaingilia kati, na bendi ikaamua kupiga mara 17 ili kila mwenye tiketi aingie. Bad Brains walikuwa miongoni mwa waliofungua. Lee Perry pia. Na Grandmaster Flash and the Furious Five, wakati hip-hop bado inaanza kutoka Bronx.

KIJANA: Malizia hadithi, kaka. Hadhira ya The Clash iliwafanyaje Grandmaster Flash?

MTETEZI: Iliwazomea na kuwarushia vitu.

KIJANA: Basi ndiyo hayo. Bendi iliwaalika, mashabiki wakawafukuza. Unapimaje ukubwa wa bendi ambayo watu wake hawakuwa wamesikia inachosema?

MTETEZI: Napima kwa walivyofanya baada ya hapo. Walikasirika, wakawasema mashabiki wao hadharani, na wakaendelea kualika. Bendi inayowapa watu wanachokitaka tu haihitaji ujasiri. Siku zile New York ilikuwa na ukumbi mmoja ambamo panki, rege na hip-hop zilishiriki jukwaa moja, na haukuandaliwa na serikali wala shirika. Uliandaliwa na bendi ambayo ingeweza kuweka wafunguzi wa kufanana nayo ikalala usingizi.

MPINZANI: Ujasiri? Tuzungumze basi siasa, ambayo ndiyo kanzu wanayovaa The Clash kila wanapotajwa. Strummer, jina lake John Mellor, alizaliwa Ankara, baba yake mwanadiplomasia wa Uingereza, akasomeshwa shule ya bweni. Akaja kuongea kama mtoto wa uchochoroni. Aprili 30, 1978, kwenye tamasha la Rock Against Racism katika Victoria Park, alipanda jukwaani na fulana ya Brigate Rosse, kikundi cha Italia kilichotumia silaha. Siku hiyo Aldo Moro, waziri mkuu wa zamani wa Italia, alikuwa mateka mikononi mwa kikundi hicho, na siku 9 baadaye wakamuua. Mtu anavaa damu ya watu kama pambo! Ramones walivaa koti la ngozi na jinzi iliyochanika magotini, hawakumdanganya mtu kwamba ni mapinduzi.

MTETEZI: Fulana ile ilikuwa kosa, na kosa kubwa. Siitetei. Lakini usiishie kifuani kwa Strummer, tazama uwanja. Mwaka 1976 mpiga gitaa Eric Clapton alisimama jukwaani Birmingham akamuunga mkono Enoch Powell, mwanasiasa aliyepinga uhamiaji, na kuwasema vibaya wahamiaji. Rock Against Racism ilianzishwa kwa sababu hiyo, na chama cha kibaguzi cha National Front kilikuwa kinapata nguvu mitaani. Siku ile ya Victoria Park makumi ya maelfu waliandamana kutoka Trafalgar Square mpaka mashariki mwa London, na vijana wengi walifika kwa sababu The Clash walikuwa kwenye orodha pamoja na Steel Pulse, Tom Robinson Band, na X-Ray Spex ya Poly Styrene, binti wa baba Msomali. Bendi hiyo ingeweza kukataa. Ilikwenda.

Na siasa yao ilikua. Katika Sandinista! kuna "Washington Bullets". Inailaumu Marekani kwa Chile na Amerika ya Kati, kisha inawageukia Wasovieti kwa Afghanistan, na China kwa Tibet. Mwaka 1980 wanaharakati wengi walikuwa na adui mmoja tu wa kumtaja. Huyo mtoto wa mwanadiplomasia alishajifunza kwamba bunduki ni bunduki, hata mshikaji akiwa wa upande wako.

MPINZANI: Alijifunza siasa za dunia, akashindwa siasa za chumba cha mazoezi. Mwaka 1982 walimfukuza Topper Headon, mpiga ngoma aliyetunga muziki wa "Rock the Casbah", kwa sababu ya heroini. Mwaka 1983 wakamfukuza Mick Jones, mtunzi wao mkuu wa muziki. Mwaka 1985 wakatoa Cut the Crap, albamu ambayo hata mashabiki wao wanaipita kimya. Ramones walipiga maonyesho 2,263 katika miaka 22, bila redio kuwapenda, mpaka Agosti 1996. Albamu yao ya kwanza ilitimiza mauzo ya dhahabu Marekani mwaka 2014, miaka 38 baada ya kutoka, na mwaka huo huo Tommy, wa mwisho kati ya wale wanne wa mwanzo, akafariki. Walifanya kazi maisha yao yote kwa malipo yaliyokuja wakiwa karibu wote kaburini. Kama huo si ukubwa, sijui.

MTETEZI: Ni ukubwa, dada, nami nausimamia. Kumfukuza Jones kulikuwa uharibifu, na hakuna shabiki mwaminifu atakayesema vingine. Ila tusifanye uvumilivu wa Ramones kuwa upendo. Joey, mwimbaji wao, na Johnny walikaa miaka mingi bila kusemezana ndani ya gari moja la safari. The Clash walivunjika vibaya, kisha Novemba 2002 Jones akapanda jukwaani na Strummer katika Acton Town Hall, kwenye onyesho la kuchangia wazimamoto waliokuwa kwenye mgogoro wa mishahara. Mwezi uliofuata Strummer akafariki kwa maradhi ya moyo, ana miaka 50. Walipatanishwa na kazi ile ile iliyowakutanisha.

MWENYEKITI: Nimewasikia, na sasa natoa maoni yangu waziwazi. Kijana ameshinda jambo moja, na lazima liandikwe: orodha yoyote ya mabingwa isiyo na Death na Bad Brains imeandikwa na mtu asiyetafuta. Kwa ufundi mtupu Bad Brains wako juu ya wote waliotajwa hapa. Mpinzani naye ameshinda la kwake: Ramones ndio waliotoa umbo, na kila bendi ya panki tangu mwaka 1976, The Clash mojawapo, ina deni kwao.

Hata hivyo naunga mkono hoja. Panki iliahidi mambo mawili. La kwanza ni kwamba mtu yeyote anaweza kupiga muziki. Ramones walilitimiza kuliko wote. La pili ni kwamba muziki huo utamfanya mtu ajishughulishe na dunia iliyo nje ya chumba chake, na hilo ni gumu zaidi, kwa kuwa linagharimu. The Clash walilipa: mrabaha wa Sandinista!, mashabiki waliokasirika pale Bond's, aibu ya kujiandika kuwa mgeni pale Hammersmith. Walikosea njiani, mara nyingine vibaya, na makosa yao mengi yalitokana na kujaribu yale ambayo wenzao hawakuyagusa. Bendi iliyokaa ndani ya umbo lake ni rahisi kuilinda isikosee. Ukubwa katika panki naupima kwa bendi kujifunza mbele ya watu na kulipia masomo yake yenyewe.

Hoja imepita, kwa kura yangu. Anayetaka kuipindua asiniletee idadi ya maonyesho wala kasi ya gitaa. Aniletee bendi nyingine ya panki iliyochukua pesa ya kampuni kubwa, ikapunguza fungu lake ili kijana asiye na kitu amudu santuri, ikawapa wageni jukwaa lake mashabiki wakiwazomea, na katika miaka minne ikatoka noti zilizoandikwa shingoni mwa besi hadi London Calling na Sandinista!. Akiipata, mjadala tutaufungua upya, nami nitakuwa wa kwanza kununua albamu zao.